UZI: Gemu ya dola 70 ukiimaliza kwa masaa nane umepigwa? Na ile ngumu ya kukukunja wiki nzima ndo ina thamani?

#1 (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu kimyakimya asije kuuliza "kwa kifupi ni nini".

Kuna kitu nakiona kila siku watu wakiongelea gemu mpya. Swali la kwanza, kabla hata ya kuuliza inahusu nini, ni ina masaa mangapi? Akiambiwa nane, "aah huo wizi". Akiambiwa mia, "hapo sawa, hela imetulia". Afu kuna kundi la pili, hawa wanasema gemu ikiwa ngumu haiishi haraka, kwa hiyo hela yako inafanya kazi. Mi nasema hii hesabu ya kugawanya dola kwa masaa ndo imetuletea gemu za kujazia jazia, na anayefaidika nayo ni muuzaji, sio mimi na wewe.

Tuanze na bei maana kwetu sio mzaha. Mpaka 2020 gemu kubwa ilikuwa dola 60. Mwaka huo NBA 2K21 ikatangazwa dola 70 kwa PS5 na Xbox mpya, wengine wakaona kumbe inawezekana, wakafuata mmoja mmoja. 2025 Nintendo wakaipeleka Mario Kart World mpaka 80. Microsoft nao walitangaza The Outer Worlds 2 kwa 80, watu wakaja juu, ikarudishwa 70 hata kabla haijatoka. Sasa dola 70 kwa madafu ni laki na sabini na kitu, laki na themanini na kitu, kutegemea dola imeamkaje siku hiyo. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hawana bei ya shilingi yetu wala ya Kenya, Afrika Kusini ndo wamewekewa randi yao, sisi tunaona dola tu. PlayStation ndo kabisa, duka la Tanzania halipo, unafungua akaunti ya Marekani na kutafuta namba za kadi za kulipia (gift card). Na hapo hujanunua bando. Elden Ring inataka GB 60, Red Dead 2 inataka 150. Kwa hiyo mtu akiuliza masaa mangapi simlaumu, anaogopa kuumia.

Ila tazameni ilivyo kwa upande wa pili. Mwaka 2015 ilitoka The Order: 1886 kwenye PS4, dola 60. Kabla haijaingia sokoni mtu akaweka YouTube video ya gemu nzima, kama masaa matano hivi, dunia ikawaka moto. Mpaka leo inatajwa kama mfano wa gemu fupi ya wizi. Mi nimeicheza ile. Inapendeza mno machoni, London ya zamani, ukungu, taa za mitaani, nguo unaona mpaka uzi wa kitambaa. Ila unatembea taratibu kwenye korido, unaangalia filamu, unabonyeza kitufe kilichotokea kwenye skrini, unapiga risasi nyuma ya boksi, unaangalia filamu tena. Wale mbwa mwitu watu wanaosimuliwa kwenye stori nzima ukikutana na mkubwa wao unapigana naye kwa visu kwa kubonyeza bonyeza, na mwisho wa gemu pambano lile lile linarudi. Sasa niambie, hiyo ingeongezwa ikawa masaa ishirini ingekuwa nzuri? Ingekuwa mbaya mara nne.

Linganisha na Metal Gear Solid V: Ground Zeroes ya 2014. Misheni kuu moja, kambi moja ya jeshi huko Cuba, mvua, usiku, ukijua unachofanya unamaliza chini ya masaa mawili, na walikuwa wanataka dola 30. Watu walilia pia. Lakini ile kambi nimeirudia mpaka najua askari yupi anageuka saa ngapi, mara nipite kwenye mtaro, mara niibe gari, mara nizime umeme kwanza. Fupi, ila haijaisha.

Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Studio zilisikia kilio chetu cha masaa zikatupa masaa. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ni ramani ya Ugiriki nzima, ukifika mahali kwenye stori unaambiwa leveli yako ndogo, kafanye vibarua kwanza, kamletee mzee mbuzi wake, kateketeze kambi ya ishirini inayofanana na ya kwanza. Na kwenye duka la ndani ya gemu hiyo hiyo wanauza kitu cha kuongeza kasi ya kupanda leveli moja kwa moja, kama dola 10. Yani gemu umeshalipia! Wamekuuzia urefu, afu wanakuuzia dawa ya kuufupisha. Mtengenezaji anayeamini masaa yake ni matamu anapata wapi ujasiri wa kukuuzia njia ya kuyaruka?

Mnakumbuka Star Wars Battlefront II ya 2017? Watu wa Reddit wakapiga hesabu kumfungua Darth Vader ili umtumie ni kama masaa arobaini ya kucheza. EA wenye gemu wakajibu kwamba lengo ni mchezaji ajisikie fahari kwa alichokipata, jibu likazikwa kwa kura za chini kuliko yote kwenye mtandao ule. Siku chache wakamshusha Vader kutoka krediti 60,000 mpaka 15,000. Namba tu hiyo, kaibadilisha mtu ofisini. Kwa hiyo yale masaa arobaini hayakuwa na kitu ndani.

Ugumu nao una historia yake. Gemu za mashine za sarafu zilikuwa ngumu kwa sababu ukifa unaingiza sarafu nyingine, hiyo ni biashara sio sanaa. Zikaja za nyumbani, Marekani watu wakawa wanakodi kaseti wikiendi. The Lion King ya 1994, ile ya Simba wetu, leveli ya pili ya kurushwa na nyani na kupanda mbuni imewatoa watoto machozi dunia nzima. Waliotengeneza walikuja kusema wazi iliwekwa ngumu makusudi ili mtu asiimalize ndani ya siku za kukodi, aende akanunue. Hakuna matata, kumbe kuna hesabu.

Lakini kuna ugumu mwingine. Sekiro ya 2019, pale juu ya kasri unapokutana na Genichiro, bosi (adui mkubwa) wa pale. Mwanzoni unamkimbia, unamvizia, unamchoma kidogo unarudi nyuma, anakuua. Ukishakubali kusimama mbele yake na kugonga upanga wake kila anapopiga, sikio linaanza kukusaidia kuliko macho, kang kang kang, unajua la nne linachelewa. Awamu ya mwisho anatupa radi, unaruka, unaidaka hewani, unamrudishia kabla hujakanyaga chini. Sijui nilitumia muda gani pale na sitaki kujua, ila hakuna dakika ningeiuza.

Kipimo changu kwa hiyo ni kimoja: gemu ingekuwa na kitufe cha kuruka mbele, ningekibonyeza mara ngapi? Karibuni.

#2

Nimeweka kambi hapa, wajuvi waje.

#3

Mleta uzi unaandika vizuri ila unaongea kama mtu wa mshahara. Mi mwanafunzi, gemu nanunua moja kwa mwaka, zikizidi mbili, na ni mpaka nibane boom (hela ya mkopo wa chuo). Unaniambia nisiulize masaa? Nikinunua yako fupi tamu nikamaliza Jumapili, Jumatatu mpaka Desemba nacheza nini, nyoka wa Nokia? Witcher 3 niliivizia ofa ya Steam, haikufika dola 10, stori yenyewe tu masaa hamsini hivi, ukiongeza na zile za pembeni unapotea kabisa. Yule Baron mlevi aliyepotelewa na mke na binti peke yake anashinda gemu nzima za wengine. Masaa kwa maskini ni kitu cha kweli mkuu, usitudharau.

#4 (mleta uzi)

Sijadharau mkuu, na Baron umenishika pabaya, ile nakubali kwa mikono miwili. Ila angalia ulichosema. Witcher 3 hujainunua kwa sababu ina masaa mengi, kuna gemu kibao za masaa mengi kuliko hiyo na hujazitaja. Umemtaja Baron. Afu umelipa chini ya 10, hujalipa 60 yake ya 2015. Kilichokuokoa ni subira. Mwenye hela ya mawazo ninamshauri hivyo hivyo, chochote kile cha mchezaji mmoja kiache kikae mwaka mmoja miwili, bei inashuka, makosa yanakuwa yameshazibwa, na mtandao umeshachuja.

Na kingine, studio wanaokupigia tarumbeta ya masaa ndo wa kuogopa. Dying Light 2 Januari 2022 walijisifu kwenye Twitter kwamba kumaliza kila kitu ni masaa 500 angalau. Walidhani watapigiwa makofi, watu wakawajibu mi nina kazi na familia. Ikabidi watoke tena waeleze kwamba stori ni kama masaa ishirini, hiyo 500 ni kwa anayetaka kukwangua kila kona.

#5

Mimi niko Nairobi, wacha niongezee ya huku. Wasee wengi hawajawahi kununua gemu maisha yao, wanaenda pale PS joint wanalipa per mechi, FC tu, ile gemu ya mpira, ukifungwa unapisha. Hapo hakuna cha stori wala masaa, mtu anajua pesa yake inanunua dakika ngapi na kama ni mbaya anarudi nyumbani mapema, ni simpo. So huyu msee akinunua console yake anabeba hiyo akili, anahesabu dakika.

Lakini naunga mleta uzi. Expedition 33 ilitoka Aprili 2025, dola 50, studio ya Montpellier Ufaransa yenye watu wachache tu, stori kama masaa thelathini na haina mambo ya kukusanya manyoya mia. Yaani inakupea muziki, inakupea huzuni, inaisha. Na bado ikabeba Game of the Year mbele ya majitu makubwa. Sijasikia mtu akisema ni fupi.

#6

Wote mmesahau kitu kimoja, CD. Mi sinunui gemu ya mtandaoni kabisa, nachukua CD Kariakoo, tena iliyotumika. Kwa mtu wa CD hesabu inageuka juu chini, gemu FUPI ndo ya bei nafuu! Nanunua, namaliza ndani ya wiki bado ina moto, nairudisha sokoni au nabadilishana na mtu naongeza kidogo. Kukaa nayo kote kumenigharimu elfu kumi na tano, ishirini. Lakini hizi za masaa mia, Assassin's Creed Valhalla sijui nini, nashikilia hela miezi mitatu, siku nakuja kuuza imeshawekwa kwenye ofa mtandaoni kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia, na nyumbani hata sijaimaliza. Kwa hiyo mnaposema masaa ni thamani mnaongelea watu wa kushusha mtandaoni ambao wakishanunua hawawezi kuuza. Na hizi PS5 zisizo na sehemu ya CD ndo zinaua huu mchongo, wanaonunua kwa sababu ni rahisi wafikirie mara mbili.

#7

Mnabishana dola 70 hapa wakati nusu ya wachangiaji gemu wamejaziwa kwenye hard disk ya nje kwa buku tano tano 😂😂 semeni ukweli jamani. Mwenye gemu mia mbili za bure hajali masaa, hamalizi hata moja, anafungua, anaangalia grafiki, anafunga.

#8 (mleta uzi)

#6 hiyo hoja ni nzito na sikuwa nimeiweka kichwani hivyo. Kwamba kwa anayeuza tena, urefu unakula thamani. Tuikumbuke maana inaonyesha "thamani" sio kitu kilichomo ndani ya gemu peke yake, inategemea umeinunua vipi.

#7 wewe acha kutoa siri za nyumba.

#9

Naomba nibishe kwenye ugumu. Silksong, gemu ya Team Cherry. Septemba 2025, dola 20, ilivyotoka maduka ya mtandaoni yalilemewa, Steam yenyewe ikagoma watu tukabaki tunarifresh. Chini ya GB 10, bando la kawaida tu unashusha. Kwa hela hiyo na ukubwa wa ile dunia hakuna wa kulalamika kuhusu bei. LAKINI. Kuna yule bosi Last Judge. Kwanza kumfikia unatoka kwenye benchi (pale unapoamkia ukifa) mbali huko unaruka miamba, upepo, midudu inakujia hewani, ukigongwa kidogo unafika kwake na damu nusu. Kila pigo la maana linakutoa mbili badala ya moja. Unampiga, unampiga, anakufa, unaachia pedi kwa furaha, afu ANALIPUKA, na ulipuko unakuua na wewe. Rudi kwenye benchi. Kuna benchi zingine mpaka ulizilipie shanga, hela ya humo, ndo ukae! Hiyo ni sanaa au ni kuturefushia safari? Wenyewe Team Cherry baada ya siku chache walilegeza mabosi wa mwanzo wawili, kwa hiyo hata wao waliona.

#10 (mleta uzi)

Umenipa mfano mzuri kuliko wangu. Last Judge ni vitu viwili vimekaa pamoja. Pambano lenyewe ni halali, kila anachofanya anakuonyesha kwanza, na ule mlipuko ukikuua mara moja haukuui tena. Ile njia ya kumfuata ndo ya kubishania. Mara ya kwanza ni mtihani, mara ya pili ni mazoezi, baada ya hapo mkono unajua na akili iko kwenye mambo mengine, unafikiria hata umezima jiko. Hapo ningebonyeza kitufe changu cha kuruka. Elden Ring, 2022, waliliona hilo wakaweka zile sanamu mlangoni, ukifa unaamkia karibu na bosi. Bosi hajapungua ukali hata kidogo, na hakuna aliyesema gemu imekuwa ya kitonga.

#11

Nawasalimu. Mi ni dada, mama wa mtoto mmoja, nacheza usiku akishalala. Mnaongelea ugumu kama unawahusu nyie tu wenye vidole vya moto. Nilinunua gemu moja kati ya hizo mnazozisifia kwa bei kamili, nimekwama kwa bosi wa mwanzo mwanzo, na hakuna pa kupunguza. Sasa kwenye gemu ya masaa thelathini mimi nimeona matatu. Mleta uzi amelipa sawa na mimi, kaona yote thelathini. Thamani yangu iko wapi hapo? Au nimelipia kuangalia mwisho wake YouTube?

Celeste ya 2018 ni ngumu, ya kuruka ruka mlimani, unakufa kila sekunde. Ila wameweka modi ya msaada, unapunguza spidi, unaongeza pumzi, ukitaka usife kabisa. Nilipunguza spidi kidogo tu kwenye sehemu mbili tatu, nikafika kileleni. Haijamuumiza yeyote. Na hiyo Expedition mnayoisifia pia ina ngazi za ugumu.

#12

Dada lakini waliotengeneza Sekiro walitaka wote tukutane ukuta ule ule, ndo raha ya kusimuliana. Ikiwa na rahisi watu wataichagua siku ya kwanza na kang kang ya mleta uzi hawataisikia.

#13

#12 wa kuisikia ataisikia, wa kuuza CD atauza. Tena #6 atafurahi, CD za gemu ngumu zinarudi sokoni wiki ya kwanza zikiwa mpya kabisa. Kweli hiyo, nimenunua mbili hivyo.

#14 (mleta uzi)

#11 hoja yako imenifanya niandike jibu nikafuta. Mi binafsi Sekiro nisingependa iguswe, huo ndo ukweli wangu. Ila kwa upande wa bei uko sahihi na sina pa kukwepea, kama tunasema urefu unahalalisha bei basi ugumu usiopunguzika unawauzia watu masaa ambayo hawatayaona. Angalau waandike kwenye boksi. Tunaandikiwa GB, tunaandikiwa umri, "gemu hii haina ngazi ya chini" ni maneno sita.

#15

Kuna upande wa wadogo hamjaugusa. Steam ukicheza chini ya masaa mawili ndani ya siku 14 za kununua unarudishiwa hela. Nzuri kwetu. Ila 2021 kuna jamaa wa Emika Games alitengeneza gemu ya kutisha inaitwa Summer of '58, inaisha ndani ya muda huo. Watu wanaicheza mpaka mwisho, wanaacha sifa nzuri kabisa, afu wanaomba hela yao. Akatangaza anaacha kutengeneza gemu kwa muda usiojulikana. Kwa hiyo sheria yenyewe inamwambia mtengenezaji mdogo: jazia, vuka masaa mawili.

#16 (mleta uzi)

Hii nilikuwa naitafuta. Ndo maana unakuta gemu ndogo za dola tano zina korido ndefu bila sababu, mlango umefungwa, funguo iko ghorofa nyingine, ukifika huko mlango mwingine. Wangeweka kwa asilimia, mtu ukishapita nusu ya gemu huwezi kurudisha, haijalishi ni ya saa moja au mia.

#17

Nusu ya nini mkuu? FC inaisha lini? Minecraft nusu yake iko wapi?

#18 (mleta uzi)

Hapo umenipata kwenye FC. Basi iwe kwa zenye mwisho tu.

#19

Na zenye mwisho watafuta mwisho, uone. Wataweka "sizoni".